Barafu ya Rukia wa Ndau

Jumatano, Mfungo Nne, baada ya Alasiri

Joto la leo halina adabu. Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri na mpaka sasa Langoni nzima, mtaa wetu hapa Lamu, imenyamaza. Hakuna feni, hakuna redio ya jirani, hata mashine ya kusaga ya hapo chini imelala. Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, mahali pekee penye ubaridi katika nyumba hii, na naandika kwa simu kabla nayo haijaniaga.

Sina furaha. Naliweka wazi mapema, ili anayetafuta maneno ya kumpa moyo leo asipoteze bando lake hapa.

Asubuhi nilisimama mbele ya vijana. Ukumbi ulijaa, sambusa zilikuwa nyingi, na nyuma yangu lilining'inia bango kubwa: ANZISHA BIASHARA, INUA JAMII YAKO. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha kufundisha. Naitwa huku na huku kuwaambia vijana wasingoje kuajiriwa, watazame shida iliyo mbele ya mlango wao na waifanye iwe kazi. Nasema vizuri, najijua. Nina mizaha yangu na najua wapi pa kunyamaza ili wapige makofi.

Na siku zote, nikifika katikati, natoa picha ya Rukia.

Leo pia nimeitoa.

Wanaonisoma tangu zamani wanamjua. Kwa wageni: Rukia ni binti wa Ndau, kisiwani kwetu nilikozaliwa, na nilimfundisha sekondari. Alikuwa wa kukaa dawati la mbele, wa kujibu kabla swali halijaisha. Alipomaliza shule alirudi nyumbani akaona alichokiona kila mtu na walichokizoea wote: wavuvi wanaleta samaki wazuri, boti ya kuwapeleka Lamu inachelewa, na samaki wanaharibika ufuoni huku wenyewe wakiwatazama. Kinachookolewa kinatiwa chumvi na kuanikwa. Kingine wanakula paka.

Rukia akatafuta friza, akazifunga na sola juu ya bati la nyumba ya babake, akaanza kugandisha maji ya mvua. Akanunua masanduku makubwa ya kuwekea samaki, yenye vifuniko. Mvuvi akienda baharini anachukua sanduku na barafu yake, akirudi samaki bado macho yanang'aa. Ndau ilibadilika, wallahi. Niliona vijana waliokuwa wakishinda vibarazani wameanza kwenda baharini tena, kwa sababu sasa kwenda kulikuwa na maana. Watu wakampa jina, Rukia wa Barafu, na yeye akalipenda. Hata posa ilikuja, watu wa Faza, familia ya heshima.

Hiyo ndiyo picha niliyowaonyesha vijana leo. Rukia amesimama mbele ya friza zake, mtandio wa kijani, anacheka.

Nikawaambia, "Huyu hakungoja mtu."

Sikuwaambia yaliyobaki. Nayaandika hapa.

Mwanzoni mwa joto hili alifariki Bwana Lali, mvuvi, jirani yake Rukia. Alitoka kuswali Alfajiri, akakaa kuvaa viatu, basi. Sisi maiti hatumkalishi. Akifa asubuhi, Alasiri yuko kaburini. Lakini Bwana Lali alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, wa kiume, na huyo yuko Mombasa. Kwetu baba huoshwa na mwanawe. Mwana ndiye anayemmiminia maji ya mwisho, na ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Mke wa marehemu alishika miguu ya mwalimu wa msikiti akilia, wamngoje mwanawe, asije akakuta mchanga. Mwalimu akakubali wangoje mpaka kesho yake.

Mpaka kesho, kwa joto lile, ndani ya nyumba ya bati.

Watu waligeuka wakamtazama Rukia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, akaniambia nataka kuwapa barafu yote, Mwalimu, nimewaambia wavuvi leo wasiende. Nikamwambia toa, mwanangu. Nikamwambia biashara yenye manufaa kwa jamii ndiyo hii. Nakumbuka nilivyojisikia mkubwa nilipoyasema hayo.

Alitoa. Barafu aliipeleka kwa kile alichokuwa nacho, yaani masanduku yale yale ya samaki. Yakapangwa chini ya kitanda cha kamba alicholala marehemu, vifuniko wazi, na mifuko mingine ikawekwa ubavuni mwake. Barafu ikiyeyuka, inaletwa nyingine. Mwanawe alifika kesho yake na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akamkuta babake kama aliyelala. Akamuosha kwa mikono yake, akashuka naye kaburini.

Wanawake wote walimkumbatia Rukia. Mngu akupe kheri, Mngu akujaalie. Yule mjane alimbusu mikono, yeye mtu mzima, mikono ya msichana.

Baada ya hitima Rukia aliyakusanya masanduku, akayasugua kwa sabuni na maji ya bahari, kisha maji matamu, akayaanika juani. Akayarudisha mahali pake.

Hakuna aliyekuja kuchukua sanduku.

Siku ya kwanza alidhani ni matanga, watu bado wana msiba. Siku zilizofuata mvuvi mmoja akasema mtumbwi umejaa, mwingine akasema leo haendi mbali. Hakuna aliyegombana naye. Salamu zilikuwa zile zile, pengine ndefu zaidi. Kisha akaona chumvi imerudi ufuoni, na samaki wameanikwa kama zamani, na nzi wao.

Aliyemwambia ukweli ni Bi Mwanaesha, mke wa mvuvi, mama mwenye mdomo usiojua kuzunguka. Alimwita pembeni akamwambia, "Usinifahamu vibaya, mwanangu. Umetenda jema. Lakini masanduku yamelala chini ya maiti, na samaki ni kitu cha kutia kanwani."

Ndiyo hayo tu.

Rukia akamwendea mwalimu wa msikiti. Mwalimu, Mungu amlinde, alisimama siku ya Ijumaa akasema wazi mbele ya watu kwamba barafu ni maji, sanduku likioshwa limetahirika, na aliyemstiri maiti ana ujira mkubwa kwa Mola wake. Watu wakaitika amina. Wakatoka msikitini, wakaenda kununua chumvi.

Hapo ndipo aliponipigia mara ya pili. Na hapa ndipo pananiuma.

Nilimwambia ayachome masanduku.

Nilikuwa na hakika. Nikampa somo zima: mteja akipoteza imani, mwonyeshe kwa macho yake kwamba umeanza upya. Yachome hadharani, ufuoni, mchana, wakiona. Kisha nunua mengine. Nilisema kwa sauti ile ile ya ukumbini. Rukia akasema sawa, Mwalimu. Akayaburuta masanduku yake mpaka ufuoni akayatia moto. Yanatoa moshi mweusi masanduku yale, na harufu mbaya, na kijiji kizima kilitoka kutazama.

Na kijiji kikasema: mwaona? Kama hakukuwa na jambo, kwa nini ameyachoma? Lisemwalo lipo.

Mimi ndiye niliyewapa ushahidi waliokuwa hawana.

Mimi ni mtoto wa Ndau. Nimekulia kwa watu wale. Asiyejua angemwambia ayaoshe tu na asijali maneno. Mimi ninayejua ndiye niliyepaswa kufahamu kwamba kwetu kitu hakichomwi ila kina kasoro, ndivyo tulivyofanya godoro la bibi yangu, ndivyo tulivyofanya nguo za mgonjwa wa kifua. Nilijua hayo tangu utotoni. Nilipofungua mdomo nikayasahau, nikakumbuka semina.

Jumamosi nilikwenda Ndau. Nilikuwa na sababu mbili: kumwona Rukia, na kumtazama babangu ambaye kifua kimembana tangu mvua za mwisho. Boti ilisimama Mtangawanda kushusha watu na magunia, tukakaa pale maji yakiwa madogo, abiria wakimgombeza nahodha kana kwamba ndiye aliyeyanywa. Nilifika nimechomwa jua na nimeshapanga cha kusema.

Sikusema hata neno moja kati ya hayo.

Rukia amekonda. Alinikaribisha, akanipa maji baridi, na nikaona mkono wangu umesita kabla ya kuipokea ile gilasi. Muda mfupi tu, wala si kwa kupenda. Yeye aliona. Aliangalia pembeni ili nisijue kwamba ameona. Nikanywa yote, nikaomba nyingine. Ya pili haikufuta ya kwanza.

Friza zilikuwa zinanguruma, zimejaa barafu mpaka juu. Nikamuuliza kwa nini hazizimi na hakuna mteja.

"Jua lachomoza lenyewe, Mwalimu," akasema. "Mimi nizime kwa nini?"

Kisha akaniambia amepata mnunuzi, mtu wa Mtangawanda mwenye duka la soda, atakuja kuzichukua Alhamisi. Yaani kesho. Aliniambia pia kwamba watu wa Faza wamenyamaza. Hawakukataa. Waliahirisha, na mtu anayeahirisha posa bila kutaja siku amekwisha kusema. Lile jina wameliongeza neno. Watoto ndio wanaolitamka, wakubwa wanawakanya, na kumkanya mtoto maana yake umelisikia na umelielewa. Rukia wa Barafu ya Maiti.

Nilikwenda kwa babangu nimejaa hasira. Nilitaka mtu wa kumfokea na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nilimkuta amekaa kitandani, kamba za kitanda zimelegea, kifua kinapiga filimbi. Mbele yake sahani ya samaki wa chumvi ambao tumbo lake haliwawezi na daktari amemkataza. Nikamwambia, baba, na wewe? Wewe uliyekuwa ukimsifu Rukia kwa kila mtu?

Hakukasirika.

"Barafu ni mai, hilo nalijua," akasema. "Mwalimu wa msikiti mesema, nami nimeitika. Lakini mkono hauendi, mwanangu. Nautuma, hauendi."

Nikakumbuka gilasi.

Wazee husema wema hauozi. Hilo nimelisema kwenye mikutano mara nyingi na watu hupenda. Samaki ndio huoza. Jioni ile nilitembea ufuoni, nikaona mzigo mzima wa samaki umetupwa, tasi na changu wa kutosha arusi, boti haikufika kwa wakati. Paka wenyewe walikuwa wameshiba. Wavuvi walikuwa wamekaa kando wakitengeneza nyavu, hawautazami. Hatua chache kutoka pale, nyumbani kwa Athmani babake Rukia, kulikuwa na barafu ya kuwaokoa samaki wote wale na ikabaki. Kila mtu alijua.

Si watu wabaya. Ningefurahi kama wangekuwa wabaya.

Tunawafundisha vijana neno jamii kana kwamba jamii ni mtu mmoja, amekaa barazani, anangoja kusaidiwa, na akishasaidiwa atasema ahsante. Jamii ni mimi na mkono wangu juu ya gilasi. Ni babangu na filimbi yake. Ni watu waliokukumbatia kwa machozi ya kweli, na kwa kinyaa cha kweli wakapita mbali na mlango wako. Rukia alifanya biashara kwa miezi na watu wakaridhika naye. Akawatendea hisani mara moja, na hisani yenyewe ndiyo iliyomwangusha. Angewakatalia siku ile, wangemsema mchoyo kwa muda, kisha wangerudi kuchukua barafu. Hilo linanitia uchungu. Na hilo silo somo la kumpa kijana yeyote, nami sina jingine.

Turudi asubuhi ya leo. Nilipomaliza, msichana mmoja wa Siyu alisimama nyuma. Mdogo, sauti nyembamba. Akasema kwao shida ni ile ile, samaki na joto, na yeye ana mjomba mwenye friza moja. Akauliza kama anaweza kwenda Ndau kumtembelea huyu dada ajifunze kwake.

Ukumbi wote ulimgeukia. Macho yalikuwa yanawaka. Baadhi ya vijana wale nawajua, nawajua na ndugu zao, wale tunaowakuta vichochoroni wameinama kwa unga wa kulevya, tunawaruka kama tunavyoruka dimbwi. Nilifikiri, nikimjibu ukweli, nani kati ya hawa atathubutu kesho?

Nikasema, "Inshallah, atafurahi sana."

Wakapiga makofi.

Nimerudi nyumbani na makofi hayo masikioni. Nilitaka kuandika hapa kwamba kuanzia leo sitaitumia tena picha ile. Nilikuwa nimeshaandika sentensi yenyewe, ilikuwa nzuri, ndipo ujumbe wa Rukia ulipoingia. Naunakili kama ulivyo.

"Mwalimu, assalam aleikum. Mamake Bi Mwanaesha amefariki leo. Mwanawe wa kiume yuko ndiani anakuja kutoka Mombasa. Wameleta watu kutaka barafu. Nimewapa yote. Hawakuingia ndani, wamesimama mlangoni wakanyoosha mikono."

Bi Mwanaesha. Yule yule wa kanwani.

Niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Basi wameipatia barafu kazi yake. Samaki hapana, maiti ndiyo. Na habari ikienea itafika Kizingitini, itafika Faza, kila penye mtoto wa kiume aliye mbali, na wetu wote wako mbali. Watamjia. Watanyoosha mikono wakiwa nje. Naye hatadai kitu, kwa sababu mwenye msiba hadaiwi, na akithubutu kudai jina litaongezwa neno jingine. Atagandisha maji ya mvua kwa jua la bure, awape wafu bure, na hakuna mama atakayemtaka awe mkwe.

Nikaanza kuandika jibu. Ujumbe wa pili ukaingia kabla sijamaliza.

"Mtu wa friza anakuja kesho. Nimpe au nisimpe? Niambie wewe."

Niliandika: Mpe. Mpe zote, mwanangu, uje Lamu, ukae kwangu, tuanze jambo jingine mahali ambapo hakuna anayekujua. Huo ni ushauri wa kweli. Ndio ushauri ambao ningempa binti yangu wa tumboni. Kidole kilikuwa juu ya simu.

Nikamfikiria babangu.

Kifua chake kinavyopiga. Kitanda cha kamba. Kaka yangu, mwanawe wa pekee wa kiume, anaendesha lori Mombasa na wakati mwingine yuko mbali zaidi. Na mimi niko huku Langoni, kuna maji kati yetu, na boti hukaa Mtangawanda ikingoja. Na joto hili.

Nilikaa na simu mkononi mpaka muadhini akaanza kukohoa kwenye kipaza sauti, halafu nikakumbuka hakuna umeme, alikuwa anakohoa kwa sauti yake tu. Maghrib imefika. Nikafuta yote niliyoandika.

Nikaandika: Usimpe.

Nikatuma.

Amejibu upesi, kama alivyokuwa akijibu darasani. "Sawa, Mwalimu. Ukisema wewe."

Hakuniuliza ni kwa faida ya nani.